Gemu ya kibanda cha chipsi: jinsi ya kupanga gemu ndogo ya biashara kwenye simu

Gemu ya kuigiza biashara, ile ambayo mtu anaicheza kituoni akisubiri daladala au matatu, haihitaji ramani kubwa wala hadithi ndefu. Inahitaji kazi inayoonekana ikipita mkono hadi mkono, na mahali pamoja inapokwama. Mchezaji anaona pamekwama, anatoa pesa kupakwamua, kazi inakimbia kidogo, kisha inakwama pengine. Raha ya gemu za aina hii iko hapo. Picha nzuri na sauti nzuri zinaipamba raha hiyo, ila kama haipo haziwezi kuileta.

Mfano wa hapa ni kibanda cha chipsi, kwa sababu hakuna haja ya kumweleza mtu kibanda cha chipsi kinafanyaje kazi. Namba zote zimetajwa ili uzichukue, uzijaribu, uzibadili. Injini, yaani programu ya kutengenezea gemu, tunayoizungumzia ni Godot 4, ambayo ni ya bure chini ya leseni ya MIT na haidai mrabaha hata gemu yako ikiuza sana. Ukitumia Unity au injini nyingine hesabu hazibadiliki.

Vituo vinne

Gawa kazi ya kibanda katika vituo vinne: kumenya na kukata viazi, kukaanga, kuhudumia, na wateja wenyewe kuja. Wateja ni kituo kama vingine. Mchezaji anakiboresha kwa kununua bango, taa na spika. Kila kituo kina namba moja tu: sahani ngapi kwa dakika. Pesa inayoingia ni namba ndogo kuliko zote mara bei ya sahani:

```
func mapato_kwa_dakika() -> float:
    return min(kumenya, kukaanga, wateja, kuhudumia) * bei
```

Anza na bei ya Sh 1,500 kwa chipsi kavu, na vituo hivi: kukaanga 10 kwa dakika, kumenya 11, wateja 12.5, kuhudumia 13.5. Kila ngazi moja ya kuboresha inaongeza sahani 2 kwa dakika kwenye kituo chochote. (Kama unalenga wachezaji wa Kenya, shilingi ni ileile kwa jina lakini sahani ya Sh 1,500 itamfanya mtu acheke. Weka bei na gharama zote kwenye faili moja ya mipangilio ili uzigawe kwa 15 bila kugusa sehemu nyingine.)

Hizo nusu hazikuwekwa kwa bahati. Ukianza na namba kama 10, 12, 12 na 14, mchezaji akinunua karai mara moja, kukaanga kunafika 12 na sasa vituo vitatu vimefungana. Akiboresha kumenya, pesa haiongezeki, kwa sababu wateja na karai bado ni 12. Akiboresha wateja, bado. Ametoa pesa mara mbili na hakuna kilichobadilika. Hapo ndipo mtu anapofikiri gemu ni mbovu, na hana makosa. Kwa namba 10, 11, 12.5 na 13.5, ukigawa kwa 2 zinabaki 0, 1, 0.5 na 1.5, yaani zote tofauti. Kwa kuwa kila ngazi inaongeza 2, mabaki hayo hayabadiliki, na vituo viwili haviwezi kulingana kamwe. Karai likienda 12, mkwamo unahamia kumenya, kwenye 11. Kumenya kukienda 13, mkwamo unarudi kwenye karai, 12. Karai likienda 14, wateja ndio wachache, 12.5. Kila mara mchezaji akinunua kituo sahihi pesa inaongezeka, hata kama ni kidogo. Akinunua kituo kisicho sahihi haiongezeki, na anajifunza kuangalia kwanza kabla ya kubonyeza.

Vituo vitatu vinatosha pia. Vitano vya kuanzia ni vingi mno: skrini inajaa, na mchezaji mgeni hajui atazame wapi.

Mkwamo uonekane bila maandishi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Mtu asiyesoma maelezo yoyote aweze kunyosha kidole na kusema "hapa ndipo tatizo." Kila mkwamo una sura yake.

Karai likiwa dogo, viazi vilivyomenywa vinajaa kwenye beseni la maji, na mmenyaji anakaa ameshika kisu hana pa kuweka kiazi. Kumenya kukiwa kwa polepole, beseni ni tupu, mafuta yanafuka moshi bila kitu ndani, na mkaangaji ameshika kiuno. Muhudumu akiwa mzito, kabati la kioo limejaa chipsi na foleni ya wateja nayo imejaa. Wateja wakiwa wachache, kabati limejaa lakini mbele ya kibanda hakuna mtu, muhudumu anachezea simu.

Ili sura hizo zitokee, kila ghala la katikati liwe na mwisho. Beseni libebe sahani 10, kabati 8, foleni watu 5. Ghala likijaa, kituo cha nyuma yake kinasimama. Usipoweka mwisho, viazi vinalundikana kimyakimya mpaka 4,000, na mchezaji akija kuboresha karai baadaye anaona kumenya hakuna kazi kwa nusu saa nzima. Mteja wa sita akikuta foleni imejaa, apite tu njia yake. Asinune, asishushe nyota, asiondoke na pesa ya mtu.

Wateja waje kwa nafasi zinazocheza kidogo, si kama saa ya ukutani. Lakini zicheze kidogo tu: chukua muda wa wastani, uzidishe kwa namba ya kubahatisha kati ya 0.7 na 1.3. Ukiacha bahati iwe huru kabisa, mara watakuja watano kwa mpigo, mara dakika nzima kimya. Foleni itajaa hata pale muhudumu ana kasi ya kutosha kwa wastani, na mchezaji atanunua muhudumu wakati tatizo ni karai. Sura itakuwa inamdanganya.

Wape wateja maneno mafupi juu ya vichwa: "Kavu moja!", "Pilipili kwa mbali", na aliyesubiri kwa muda, "Oya, bado?" Matatu au manne kwa kila hali yanatosha. Yakizidi mtu anaacha kuyasoma, na wewe umebaki na kazi ya kuyatafsiri.

Sekunde 60 za kwanza

Piga hesabu ya kibanda kikiwa kitupu. Kiazi kinamenywa sekunde 5.5, karai linatoa sahani 2 kila sekunde 12, kuhudumia sekunde 4.4. Shilingi ya kwanza inaingia baada ya sekunde 22 hivi. Kwenye simu, sekunde hizo ni nyingi sana. Mtu ameshafungua WhatsApp. Kwa hiyo gemu ianze katikati ya kazi: beseni limejaa, karai lina chipsi ndani, kabati lina sahani 3, na mteja tayari amesimama anaagiza. Pesa ya kwanza iingie ndani ya sekunde 5.

Karai la kwanza kuboreshwa ligharimu Sh 5,000. Kwa mapato ya Sh 15,000 kwa dakika, hiyo ni sekunde 20. Usionyeshe vitufe vyote vinne tangu mwanzo. Kitufe cha karai kitokee pesa ikifika Sh 2,500, kikiwa na rangi iliyofifia na bei yake, na kiwake ikifika 5,000. Mchezaji akishakinunua, kitufe cha kumenya kijitokeze, kisha wateja, kisha kuhudumia. Kidole cha kuchora kinachoelekeza "bonyeza hapa" kitokee mara moja tu, na kisubiri sekunde 4 kwanza. Wengi watakuwa wameshabonyeza wenyewe, na kujigundulia ni kutamu kuliko kuelekezwa.

Gharama: sehemu inayoua gemu nyingi

Kanuni ya kawaida ni kwamba bei ya ngazi inayofuata ni bei ya mwanzo mara kizidishi (1.15 kama ongezeko ni 15%) kilichopandishwa kwa kipeo cha ngazi uliyonayo. Cookie Clicker, gemu ya mwaka 2013, inapandisha bei ya kila jengo kwa 15%. AdVenture Capitalist inaanza na kibanda cha juisi ya limau kinachopanda kwa 7%. Tofauti hiyo ya 7 na 15 inaonekana ndogo mpaka uihesabu mbele kidogo.

Chukua bei za mwanzo: kumenya Sh 4,000, kukaanga 5,000, kuhudumia 6,000, wateja 8,000. Kuboresha vyote vinne mara moja, tuite mzunguko, ni Sh 23,000. Kwa ongezeko la 15%, mzunguko mmoja unadai muda huu wa kusubiri:

- Ngazi 0: Sh 23,000, mapato 15,000 kwa dakika, dakika 1.5
- Ngazi 10: Sh 93,000, mapato 45,000, dakika 2
- Ngazi 20: Sh 376,000, mapato 75,000, dakika 5
- Ngazi 30: Sh 1,523,000, mapato 105,000, dakika 14.5
- Ngazi 40: Sh 6,161,000, mapato 135,000, dakika 46

Ukitumia 7%, mzunguko wa ngazi ya 40 ni dakika 2.5 tu. Mchezaji anabonyeza bila kufikiri na hakuna anachokingojea. Ukitumia 30%, ngazi ya 10 tayari ni dakika 7 na ngazi ya 20 ni karibu saa nzima. Ukuta umefika kabla mtu hajaipenda gemu. Kwa vituo vinavyoongezeka kwa kujumlisha kama hivi vyetu, kati ya 12% na 16% ndipo pa kuanzia. Kama kituo kinaongezeka kwa kuzidisha, kwa mfano kila ngazi inafanya kasi iwe mara 1.1, kizidishi cha bei lazima kiwe kikubwa kuliko hicho, la sivyo mapato yanaikimbia gharama na gemu inaisha jioni hiyohiyo.

Fanya hesabu hizi kwenye Excel au Google Sheets kabla ya kuchora hata kiazi kimoja. Safu tano zinatosha: ngazi, gharama ya mzunguko, kasi ya kituo cha chini kabisa, mapato, na dakika za kusubiri. Safu ya mwisho ndiyo gemu yenyewe. Ikipanda taratibu, halafu ikashuka ghafla kila unapofungua kitu kipya, uko sawa.

Kitu kipya kiingie kabla ya ukuta. Hapa ukuta unaanza kuonekana baada ya ngazi ya 20, basi ngazi ya 15 fungua chipsi mayai, yaani zege, kwa Sh 3,000. Nusu ya wateja wakiagiza zege, wastani wa bei unakuwa 2,250 na mapato yanapanda kwa nusu: mzunguko uliokuwa dakika 3 unarudi 2. Zege iongeze pia kituo cha tano, kupasua na kukoroga mayai, chenye mabaki yake tofauti na mengine, 0.25 inafaa. Ngazi ya 25 mishikaki. Hapo katikati, ngazi za 10, 25 na 50 za kila kituo zibadilishe sura: jiko la mkaa liwe jiko la gesi, karai liwe mashine ya kukaangia, mtu wa pili akae kwenye ndoo ya viazi. Namba ikipanda peke yake bila kitu kubadilika kwenye picha, mchezaji hajisikii amejenga chochote.

Baada ya ngazi ya 40 hivi, ruhusu kufungua tawi mtaa mwingine: anaanza upya na bei ya sahani maradufu, na kibanda cha kwanza kinabaki kikionekana pembeni, kinafuka moshi. Gemu nyingi zinafuta kila kitu wakati huu. Kihesabu hakuna tofauti, lakini mtu kuona kibanda alichokilea kikitoweka ni jambo linalouma bila sababu.

Pesa ya wakati hayupo

Mchezaji akifunga simu, kibanda kiendelee. Njia rahisi inayokuja akilini ni kuzidisha mapato ya dakika kwa muda aliokuwa nje, labda kwa nusu yake, mwisho saa 4. Hesabu uone. Ngazi ya 10, mapato 45,000, nusu yake kwa dakika 240 ni Sh 5,400,000. Mzunguko unaofuata ni 93,000. Mtu huyo akirudi anaruka kutoka ngazi ya 10 mpaka ya 26 kwa dakika mbili za kubonyeza, na ile safari yote uliyoipanga kwenye jedwali ameikosa akiwa amelala.

Suluhisho ni stoo. Wakati mchezaji yupo, viazi vinaletwa na bodaboda bila yeye kuhangaika. Asipokuwepo, kijana wa kibanda anauza kilichomo stoo tu, sahani 1 kwa dakika. Stoo ya mwanzo iwe ya sahani 120: inaisha baada ya saa 2 na inaleta Sh 180,000, yaani karibu mizunguko miwili kwa mtu wa ngazi ya 10. Inafurahisha bila kuharibu. Stoo yenyewe iwe na ngazi zake, zikifika mpaka sahani 480, saa 8 za usiku mzima. Faida nyingine ni kwamba mchezaji anaelewa kwa nini pesa iliishia pale. "Viazi viliisha" ni sababu. "Kikomo cha saa 2" ni amri.

Akirudi, onyesha karatasi moja: kijana ameuza sahani ngapi, shilingi ngapi, na kitufe kikubwa cha "Pokea". Sarafu ziruke mpaka kwenye jumla. Usianzishe matangazo kabla ya hapo.

Muda uupate kwa kuhifadhi saa ya simu wakati wa kutoka na kuilinganisha wakati wa kurudi. Wapo watakaosogeza saa mbele; stoo imeshaweka mpaka, hivyo waache. Jambo la kulinda ni tofauti kuwa hasi: simu ikizimika betri na kuwaka na tarehe ya zamani, tofauti hiyo uichukue kama sifuri, la sivyo mtu anakatwa pesa kwa kosa la simu yake.

Mkononi

Kila mguso ujibiwe kabla ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kitufe kinywee mpaka 95% ya ukubwa wake kwa milisekunde 80 na kirudi. Sauti ya sarafu ibadilike kidogo kila mara, kwa kupandisha au kushusha toni ndani ya 5% hadi 8%. Sauti ileile ikirudiwa mara mia inachosha na mtu anazima sauti moja kwa moja. Sarafu zinazoruka zisizidi 12 hata kama pesa ni milioni, na safari yao iwe sekunde 0.4. Mtetemo wa simu uwe wa milisekunde 20, kwa ununuzi tu. Kwenye Godot usisahau kuweka tiki kwenye ruhusa ya VIBRATE wakati wa kutengeneza faili ya Android, maana bila hiyo hakuna kinachotetemeka.

Sauti moja ya kuitafuta kwa bidii ni ya viazi vikiingia kwenye mafuta ya moto. Rekodi karai la kweli, simu ikiwa mbali kidogo na mvuke. Mlipuko wa mwanzo, sekunde moja, uwe faili moja. Kuchacharika kwa baadaye kuwe faili ya pili inayojirudia, na sauti yake ipande kadiri karai linavyojaa. Mchezaji akigusa karai, chipsi zigeuzwe na sekunde 1 ipungue kwenye muda wa kukaanga. Mguso huo usaidie tu, usiwe sharti. Anayetaka kukaa na kutazama aachwe atazame.

Shika simu kwa mkono mmoja, wima. Vitufe vya kununua vikae theluthi ya chini ya skrini kidole gumba kinapofika, pesa ikae juu. Ukipanga kwa skrini ya 720 kwa 1280, kitufe kisipungue 96 kwa kimo, ambayo ni kama milimita 9 kwenye simu nyingi. Na nafasi ya chini kabisa iache wazi, maana hapo ndipo Android inaposhika ishara ya kurudi nyumbani.

Namba zisomeke. Mpaka 999,999 iandike yote na koma. Baada ya hapo 1.25M, kisha B. Tarakimu zote ziwe na upana sawa kwenye fonti, vinginevyo jumla inacheza kushoto na kulia kila pesa inapoingia.

Kwenye simu za kweli

Wachezaji wako wengi huenda wana simu ya bei nafuu yenye RAM ndogo na bando la kuhesabu. Chagua Compatibility kama mfumo wa kuchora kwenye Godot, kwa sababu unatumia OpenGL na unaendeshwa vizuri kwenye simu za zamani. Weka kikomo cha fremu 30 kwa sekunde. Gemu ya kibanda haihitaji 60, na betri itakaa. Weka picha ndogo zote kwenye karatasi moja kubwa ya picha, muziki uwe faili za OGG. Lenga faili isiyozidi MB 40.

Hesabu za kibanda zitenganishe na uchoraji. Zipige mara 10 kwa sekunde, kwa hatua zisizobadilika:

```
func _process(delta):
    muda += min(delta, 0.5)
    while muda >= 0.1:
        piga_hatua(0.1)
        muda -= 0.1
```

Ile 0.5 ina kazi. Simu ikikwama sekunde tatu kwa sababu ya ujumbe ulioingia, bila kikomo chochote (Godot 4 kwa kawaida ina chake pia) gemu itajaribu kufidia hatua 30 kwa mpigo, itakwama zaidi, na ikiamka itakuta nyingine zimelundikana.

Hifadhi maendeleo kila ununuzi, kila sekunde 15, na Android inapoipeleka gemu nyuma, ambapo Godot inakupa taarifa ya NOTIFICATION_APPLICATION_PAUSED. Usisubiri mtu "atoke": simu yenye RAM ndogo inaiua programu iliyo nyuma bila kuaga. Andika kwanza kwenye faili ya muda, kisha libadili jina lichukue nafasi ya faili ya zamani, ili betri ikiisha katikati ya kuandika mtu asipoteze kibanda chake. Na kama unahifadhi kwa JSON, mtindo wa kuandika data kama maandishi, kumbuka kwamba Godot ikiisoma inarudisha namba zote zikiwa na desimali. Unaweza kukuta kitufe kimeandikwa "Ngazi 3.0". Pitisha kila ngazi kwenye int() unapoisoma.

Vitu vya kuacha nje

Chipsi kuoza, moto kuwaka, mfanyakazi kuiba, nishati inayoisha na kumlazimisha mtu asubiri. Mgambo au kanjo kuja kubomoa kibanda ni wazo linalochekesha kwenye mazungumzo, lakini aliyetoka kazini amechoka akakuta kibanda chake kimebebwa kwenye pikapu ataifuta gemu hapohapo. Akija mgambo, aje kununua zege.

Matangazo yawe yale ya mtu kuchagua mwenyewe: tazama video, mauzo ya usiku yawe mara mbili. Yasizidi matatu au manne kwa siku kwa mtu mmoja, na kitufe kijifiche kabisa kama hakuna intaneti. Tangazo linaloruka katikati ya kazi linaleta senti leo na kumfukuza mtu kesho. Gemu yote ichezeke bila bando.

Majaribio na kupakia

Wape watu watano simu, mmojammoja, na usiseme neno. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, ulimi utakuwasha. Andika sekunde mpaka ununuzi wa kwanza, mara ngapi wamenunua kituo kisicho cha mkwamo, na dakika waliyouliza "sasa nifanye nini?" Ununuzi wa kwanza ukizidi sekunde 40, tatizo liko kwenye kitufe au kwenye bei. Wakikosea kituo zaidi ya mara moja katika kila manunuzi matatu, sura ya mkwamo haionekani: ongeza ukubwa wa beseni, punguza mapambo. Jaribu pia nje, juani, mwanga wa skrini ukiwa nusu. Rangi za kahawia za kibanda na za chipsi huchanganyika vibaya sana.

Akaunti ya Google Play ni dola 25, mara moja. Kama ni akaunti ya mtu binafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023, utatakiwa kuwa na wajaribu wasiopungua 12 waliojiunga kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kuitoa kwa umma. Watafute mapema, na watafute 16, kwa sababu wapo watakaojitoa siku ya tisa. Faili ya kupakia ni ya AAB, si APK. Ufunguo wa kusainia uhifadhi sehemu mbili tofauti.

Ndani ya faili ya kuhifadhia weka namba ya toleo tangu siku ya kwanza, hata kama ni 1 tu. Utakuja kubadili bei za ngazi, hilo halina ubishi, na siku hiyo utahitaji kujua nani ana kibanda cha hesabu za zamani. Bei mpya zianze kwenye ngazi ambazo mtu hajazinunua bado. Alichokwisha kukilipia usikipunguzie kasi.